Plagi ya Matundu Manane

Nyumbani, chumba cha redio
Jumatano, saa tisa alasiri

Kwako Dada,

Salamu zangu zikukute umekaa, tena umekaa vizuri, maana barua hii ni ndefu na mwandishi wake unamjua: hajawahi kufika aendako bila kujikwaa kizingitini. Natumai u mzima, mgongo umepunguza fitina zake, na mashine za hospitali unazozihudumia bado zinakutii kuliko binadamu. Wifi yako hajambo, anakusalimu sana, na ameniagiza nikukumbushe ule uzi wa zambarau uliomwahidi. Nimeshakukumbusha, lawama sasa si yangu. Baba hajambo kwa kiasi chake. Mimi nami sijambo, ila nimechoka, Dada. Si uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Ni ule wa mtu aliyebeba ndoo ngazi nne, akifika juu anaambiwa ni ya jirani wa chini.

Utajiuliza kwa nini barua na simu tunayo. Simu ni ya habari nyepesi. Kila mwisho wa mwezi unapiga, unaniuliza Baba hajambo, nakujibu hajambo. Nikishaiweka simu mezani, Baba naye, akiwa ameelekea dirishani kama vile anaiuliza mvua, ananiuliza dada yako hajambo, namjibu hajambo. Miaka ishirini na saba nimekuwa mchukuzi wa hajambo mbili, nazipeleka huku na kule, wala hakuna aliyenitwisha kitu kingine. Hili la leo halibebeki kwa simu. Kwanza lina mchoro. Pili, kwenye simu ungekata nikiwa nusu ya njia, nami safari hii nataka nifike.

Nianze na Baba. Ametimiza themanini na moja. Mkono wa kulia unatetemeka, jicho la kushoto limeingia ukungu, na mdomo, unaoujua, ndio pekee usiozeeka. Asubuhi namwogesha kabla sijaenda kazini, naye hulalamika kwamba namsugua kama sufuria iliyoungua. Nikimsugua polepole anauliza kama nimelipwa niupapase mgongo wake. Kisha nateremka kwenda ofisini kugonga mihuri. Mwaka wa ishirini na tano huu nawaambia watu fomu yako ina kasoro, rudi, jaza kisanduku cha saba, sahihi yako imetoka nje ya mstari. Jioni nikirudi ni chakula, dawa, na kumpandisha kitandani. Vidonge anavihesabu kwanza, asije akapunjwa. Mimi na wifi yako tunapokezana kama walinzi wa ghala. Sisemi haya kwa kulalamika. Haya, kidogo nalalamika.

Kinachomshika Baba wima ni lile baraza la hewani. Najua huhitaji kuelezwa, lakini wifi yako alidhani huenda umelisahau, nikamwambia utasahau kwanza jina lako. Bado ni kila Jumapili saa nne asubuhi. Watu wa redio, kila mmoja nyumbani kwake, wanakaa kwenye masafa yaleyale, na Baba anaita majina mmoja mmoja, nao wanaitika na kusema wameamkaje. Ameongoza miaka thelathini na minne. Walikuwa ishirini na kitu. Leo ni tisa. Yaani tisa walio hai. Wawili waliokufa mwaka jana bado anawaita. Analitaja jina, anaacha kimya cha kutosha mtu kukohoa, kisha anaendelea. Hakuna aliyewahi kumkosoa.

Miezi mitatu iliyopita redio yake ikafa. Haikupigwa na radi wala haikuugua, ililala Jumamosi ikawa haikuamka. Yule nesi mstaafu wa kule mlimani, ambaye hewani wanamwita Sindano, akaileta redio ya marehemu mumewe, kaibeba mwenyewe ndani ya kikapu, kaifunika kwa kanga kama mtoto aliyelala. Redio nzuri, ndogo, safi. Tatizo ni maiki yake. Imejaa vitufe usoni kama uso wenye chunusi, na kila kitufe kina kazi, na kidole gumba cha Baba hakichagui tena mahali pa kutua.

Jumapili ya kwanza nilikuwa mlangoni na kikombe chake cha chai. Akabonyeza aseme, lakini alikuwa ameshagusa kitufe kingine, na namba kwenye kioo cha redio zikawa zimehama. Hakuziona. Akafungua kikao. Akaita majina yote tisa, na yale mawili, kwa sauti yake ya mwenyekiti, robo saa nzima, kwenye masafa ambayo hakukuwa na mtu. Mimi niliziona namba. Nilifungua mdomo nimwambie, nikaufunga. Alipomaliza aliifuta maiki kwa shati lake, akailaza mezani taratibu, akasema leo wote wamechelewa kuamka.

Jumapili ya pili aliketi lakini hakuiwasha. Ya tatu alituma neno Sindano awe anayasoma majina yeye. Siku hiyo chakula alikizungusha tu kwenye sahani. Wifi yako akanivuta jikoni akaniambia kwamba mzee anazimika mbele ya macho yetu na mimi nagonga mihuri. Akauliza kama ile maiki ya zamani haiwezi kuchomekwa kwenye redio mpya, maana mkono unaijua.

Unaikumbuka ile maiki. Nyeusi, nzito kama jiwe la kuzuia mlango, kitufe kimoja tu kipana ubavuni, kimelika kwa umbo la kidole chake. Mkia wake una plagi ya chuma ya duara yenye matundu manane. Redio ya Sindano nayo ina mdomo mdogo wa mraba, kama ule wa waya wa simu ya mezani, wenye nyaya nane nyembamba. Kwa hiyo kilichotakiwa ni kipande cha kuunganisha: upande huu duara, upande huu mraba, katikati waya. Nikajiambia nane na nane, kuna elimu gani hapo? Dada, hapo ujinga wangu ulizaliwa mara ya pili. Mara ya kwanza nitaifikia, usinikimbize.

Nikampelekea fundi simu wa hapa chini. Akaigeuza maiki, akaipima kwa mkono, akaniuliza kama babu yangu alikuwa anapigia watu. Kisha akaacha mzaha. Alisema anaweza kuunganisha, ila hatawajibika kwa kitakachotokea, kwa sababu kila kiwanda hupanga nyaya kinavyopenda chenyewe. Kwenye redio moja tundu la kwanza ni la sauti, kwenye nyingine tundu lilelile ni la umeme mdogo unaotoka ndani. Ukiunganisha bila kujua, unaweza kukaa siku nzima hakuna kitu. Ni pale unapobonyeza kusema ndipo umeme unapokimbilia usikotakiwa, na kubonyeza mara moja kunatosha. Akataka mchoro wa maiki ile. Na akaniangalia usoni, akauliza kama najisikia vibaya.

Nikampandishia Baba swali. Alisema mchoro uko kichwani mwake. Tukauuliza kichwa mara tatu, kikatoa majibu matatu. Ndipo akaangalia ukutani, akasema zamani kulikuwa na mtu aliyekuwa akiyaandika mambo haya. Hakukutaja. Alisema mtu.

Nikapekua chumba cha redio siku mbili. Kwenye droo ya chini kabisa, chini ya boksi la taa mbovu za redio za zamani, nikalipata daftari lako lenye jalada la kijani. Mende wamekula pembe, maandishi hawakuyagusa; nadhani waliogopa. Ukurasa wa katikati umechora plagi mbili za duara, matundu yote yamepewa namba na kila namba kazi yake. Moja ni ya redio ya Baba. Nyingine umeandika juu yake: redio ya kuazima.

Ile redio ya kuazima unaijua, na yaliyoipata unayajua kuliko yeyote, lakini hakuna kati yetu aliyewahi kuyaweka kwenye karatasi, basi niyaweke. Ulikuwa mwaka wa mvua zile kubwa. Ofisi ya mto ilimwazima Baba redio apokee vipimo vya maji kutoka juu kila asubuhi saa nne, awaambie watu wa mtaa wa chini kama wahamishe vitu au la. Wewe ulikuwa na miaka ishirini na miwili. Ulikuwa na ufunguo wako wa chumba hiki, wa pili ukiwa wa Baba, na fomu yako ya kufanya mtihani wa leseni ya redio ilikuwa inangoja sahihi yake tu. Mimi nilikuwa na kumi na tisa, kazi yangu ikiwa kuvunja vikombe na kuitwa Kishindo.

Asubuhi ile redio ikakutwa imekufa, na chumba kinanuka kuungua. Vipimo havikupokelewa. Saa sita maji yakaingia mtaa wa chini. Hakufa mtu, na kwa hilo nashukuru mpaka leo, lakini maduka yalilowa, likiwemo la fundi cherehani, ambaye baadaye alikuja kuwa mkwe wangu. Majora yake ya kitambaa yalianikwa juu ya paa letu wiki nzima, rangi nyekundu ikiililia nyeupe. Bwana wa ofisi ya mto akaja kuuliza. Baba akakuita mbele yake, mbele ya fundi cherehani na majirani waliopanda ngazi kutazama, akakuuliza. Ulisema hukuigusa. Akasema redio haijichomi yenyewe, na ufunguo una wenyewe wawili, na yeye mmojawapo. Akakunyooshea mkono umrudishie wa kwako. Fomu hakuisaini. Mwezi haukuisha ukafunga mzigo.

Mpaka hapo ni habari ya kila mtu. Sasa daftari.

Nilimsomea Baba, kwa kuwa jicho halimsaidii. Nilimsomea namba na kazi zake, moja mpaka nane, naye akawa anaitikia kwa kichwa kama kwamba ndiye aliyeziandika. Nilipofika chini ya mchoro nikanyamaza. Akasema soma na hayo. Nikauliza yapi. Akasema karatasi haijaisha, mbona sauti imeisha. Basi nikasoma, maneno yako, yenye mistari miwili chini yake: Plagi hizi zinafanana uso, matumbo mbalimbali. Maiki ya Baba isiingizwe kwenye redio ya kuazima. Itaingia vizuri, na ukibonyeza itaunguza.

Akauliza tarehe. Nikamsomea. Ulikuwa umeandika siku kumi na tisa kabla redio haijaungua.

Aliiacha chai mpaka ikafanya utando. Kisha akasema, neno moja moja, kwamba mtu aliyeandika hivi hawezi kuwa ndiye aliyechomeka. Akanigeuzia lile jicho zima. Akauliza, basi ni nani?

Na mimi mdogo wako, ambaye serikali inaniamini na muhuri, nikajibu labda ni umeme, maana mwaka ule umeme ulikuwa unakuja na kuondoka. Baba akasema hm. Hiyo hm niliivaa siku nne kama shati la mtu mwingine.

Siku ya tano wifi yako akaweka mwiko chini. Alisema ama nitasema mimi ama atasema yeye, na yeye akianza atasema yote mpaka rangi ya suruali niliyokuwa nimevaa. Maana alikuwepo, Dada. Alikuwepo chumbani humu. Ilikuwa suruali ya kahawia.

Ni mimi.

Asubuhi ile binti wa fundi cherehani alileta koti la Baba lililokuwa likipunguzwa mikono. Baba alikuwa anaoga. Mimi nilikuwa nimemtazama binti huyo miezi sita bila kupata neno la maana la kumwambia, nikaona afadhali nimtolee la kifundi. Nikachukua ufunguo kwenye suruali ya Baba iliyokuwa imetundikwa. Nikamketisha kwenye kile kigoda chako. Redio ya kuazima ilikuwa inang'aa, lakini maiki yake Baba aliifungia kwenye droo. Yetu nyeusi ilikuwa juu ya meza. Nikajaribu plagi. Ikaingia, Dada, ikaingia kama imezaliwa humo, hata pete yake ikazunguka ikakaza. Nikasema moyoni, kumbe haya mambo mnayoyafanyia daftari ni rahisi hivi. Nikavuta sauti ya mtangazaji wa habari, nikabonyeza, nikasema hapa ni. Sikufika kwenye jina. Moshi ulitoka mdogo tu, wa mtu anayewasha sigara kwa kujificha. Binti akaniuliza kama ndivyo inavyokuwa. Nikamwambia ndivyo, inapata joto.

Aliniamini mpaka saa sita, alipoanza kubeba majora ya baba yake yanayochuruzika maji.

Nilichomoa maiki nikairudisha mahali pake, nikaurudisha ufunguo mfukoni. Hata kazi mbaya nikiwa na haraka naifanya vizuri. Na wewe ulipoulizwa mbele za watu, mimi nilikuwa nyuma ya mlango na ndoo ya kupigia deki ngazi. Uliniangalia. Miaka yote hii sijui kama lile jicho lilikuwa linauliza au lilikuwa linajua. Sikungoja nijue. Niliinua ndoo nikateremka, na ngazi zetu hazijawahi kuwa safi kama siku ile.

Wifi yako alininyamazia kwa sababu aliniogopea, na baadaye kwa sababu alikuwa mke wangu, na kwa mkwe wangu alinyamaza mpaka tukamzika mzee wa watu akiamini kitambaa chake kililoweshwa na wewe. Nami nilijinyamazia kwa bidii. Kwa hiyo mimi nilikuwa na wawili wa kuninyamazia, na wewe hukuwa na hata mmoja wa kukusemea. Mwanzoni nilijiambia nitasema hasira za Baba zikipoa. Zilipopoa nikajiambia mbona zimepoa, za nini kuzichokoza. Nawe ulikuwa umeshapata kazi, watu wanapumua kwa mashine unazozitengeneza, nikajidanganya kwamba nilikusukuma mahali pazuri. Ndivyo anavyojitetea mtu mvivu wa ukweli.

Jana nimemwambia Baba. Nilichagua wakati namkata kucha, kwa kuwa hapo hawezi kuondoka na mimi sina haja ya kuinua uso. Nilimweleza yote, koti, kigoda, moshi. Sikupata yale matusi niliyokuwa nimejiandalia. Aliuliza tu aliyebonyeza ni mimi au ni binti. Nikasema mimi. Akauliza kama moshi ulinuka kama utomvu unaoungua. Nikasema ndiyo. Ndipo akasema kwamba siku ile mchana nilimpita kwenye ngazi na ndoo, na shati langu likanuka hivyohivyo. Alilinusa. Akasema hakutaka kulifikiria, kwa sababu ni rahisi kumkasirikia anayejua kuliko asiyejua. Asiyejua hana cha kunyang'anywa.

Kisha akanipa mkono wa pili, nimalizie kucha.

Leo nimeomba ruhusa kazini, nimekaa hapa tangu asubuhi na daftari lako, mita ya kupimia umeme, ya kuazima kwa fundi simu, na chuma cha kulehemu. Kipande cha kuunganisha kimepatikana. Ni kibaya kutazama; risasi ya kulehemu imeganda mabonge mabonge kama ugali wa mwanafunzi, kitambaa cha meza kimetoboka, na kidole changu cha shahada kina lengelenge. Lakini nimepima kila waya mara tatu, nikimtajia Baba namba kwa sauti, naye akizirudia. Nilipomaliza nikashika plagi niichomeke tuone. Baba akasema acha. Akasema nyumba hii imeshachomeka mara moja kwa kubahatisha. Redio hii ni ya marehemu wa watu, na ni moja. Isichomekwe mpaka mwenye daftari aone.

Unamjua baba yako. Neno pole kwake hutoka kama maji ya bomba siku za mgao: kwanza upepo, kisha kutu, kisha tone. Hilo lilikuwa tone.

Kwa hiyo karatasi ya pili ni mchoro wangu, usicheke. Waya wa sauti, wa kitufe, na zile mbili zinazorudisha umeme chini, nina hakika nazo. Shaka yangu ni kwenye tundu la tano. Redio ya Sindano inatoa umeme mdogo kwenye waya wake wa pili, nimeupima upo, na kwenye daftari lako tundu la tano la maiki ya Baba umeweka alama ya kuuliza. Je, maiki hii inautaka umeme huo, au ukifika unaiua? Nimeuacha waya huo peke yake, nimeuviringishia utepe, haugusi kitu. Nimebaki nauogopa kama nyoka aliyelala. Tuambie tuuache hivyo au tuuunganishe. Neno lako ndilo tutakalolifuata, hata ukisema nivunje nianze upya.

Kuna na karatasi ya tatu. Ilikuwa katikati ya daftari, imekunjwa mara nne: ile fomu yako. Nilimwambia Baba ni karatasi gani. Akaomba kalamu, akaniuliza mahali pa kusaini. Nikamjibu kama mtu wa fomu, kwa kuwa ndiyo kazi pekee ninayoijua, kwamba karatasi hii imekufa; toleo lake lilifutwa, ofisi yenyewe imehama, hakuna dirisha duniani litakaloipokea. Akasema hakuuliza afya ya karatasi, ameuliza mahali. Nikamwekea kidole. Alisaini, Dada, ikamchukua muda wa kuchemsha maji. Sahihi ilianza ndani ya kisanduku, ikatoka, ikapanda juu ya jina lako, ikaishia pembeni. Kwa sahihi ya namna hiyo mimi humrudisha mtu nyumbani hata kama ametoka mbali. Hii nimeipitisha. Imo ndani ya bahasha.

Mimi msamaha siuombi humu. Ulilaumiwa mbele za watu ukiwa umesimama. Si haki nikuombe radhi ndani ya bahasha nikiwa nimekaa. Mchoro ukishapita mkononi mwako na redio ikiwashwa, kabla Baba hajaita jina la kwanza, nitabonyeza mimi, na safari hii nitalimalizia jina langu, na niliyoyafanya, baraza zima likisikia. Baba amekubali. Amesema tu nisivute ile sauti ya mtangazaji.

Jumapili hii tumwachie Sindano, na inayofuata pia kama barua itachelewa. Baba mwenyewe ndiye aliyesema kikao kinaweza kusubiri. Hata siku ya harusi yangu hakusema hivyo; bibi harusi alisimama mlangoni na maua yake mpaka jina la mwisho likaitika. Sasa redio iko mezani, imefunikwa kwa ile kanga ya Sindano, maiki iko pembeni yake, na kati yao kimelala hicho kipande changu kibaya ambacho hakijagusa huku wala kule.

Jioni inaingia, Baba ameshaniita mara mbili kuuliza kama dada yako nimemwandikia habari ya tundu la tano. Ngoja nimsomee kipande hicho atulie. Wifi yako anakusalimu tena, na amesema uzi si lazima.

Mgongo uupumzishe, na ukiwa unasoma haya umesimama, basi kaa.

Ni mimi mdogo wako,
Kishindo